Chini ya Rangi Mpya: Vituo vya Zamani vya Petroli Kitale na Bungoma

Kituo cha petroli ni jengo lililozaliwa na gari, kwa hiyo ni changa kuliko karibu kila jengo jingine la mjini. Misikiti, makanisa, masoko na ngome vimekuwepo kwa karne nyingi. Kituo cha petroli kina miaka mia moja na ushei tu. Mpangilio wake unafahamika na kila msafiri: pampu zimesimama kwenye jukwaa dogo la saruji, matangi yamefukiwa ardhini, paa linawakinga wateja na mvua, ofisi iko nyuma, na pembeni kuna gereji yenye shimo la makanika. Sehemu hizo zinapatikana kila mahali, lakini ukubwa wake, vifaa vyake na jinsi zinavyoikabili barabara hutofautiana kati ya mji na mji, na kati ya zama na zama.

Kaskazini magharibi mwa Kenya, miji ya Kitale na Bungoma ni mahali pazuri pa kuziona tofauti hizo. Yote miwili iko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Elgon, na yote miwili ilikuzwa na reli kabla ya kukuzwa na lami. Hata hivyo, kila mmoja ulikuwa na wateja wake wa mafuta. Historia hiyo imo ndani ya vituo vyenyewe, ingawa mara nyingi imefunikwa na rangi za kampuni iliyokuja baadaye.

Kutoka debe hadi pampu

Biashara ya mafuta nchini Kenya inahesabiwa kuanza mwaka 1903. Bidhaa kuu ilikuwa mafuta ya taa, yaliyoingia kwa madebe. Petroli ilifuata baadaye, nayo ikaletwa kwa madebe na mapipa. Royal Dutch Shell ilijenga bohari yake ya kwanza Shimanzi, kisiwani Mombasa, na kutoka huko mafuta yalipanda bara kwa treni.

Debe moja lilichukua galoni 4, yaani lita 18 hivi, na madebe mawili yalifungwa pamoja ndani ya sanduku la mbao. Mwenye gari alinunua mafuta dukani pamoja na sukari na chumvi, akalitoboa debe na kuyamimina kwa faneli iliyowekwa kitambaa cha kuchuja uchafu. Debe tupu halikutupwa. Liligeuka ndoo ya maji na kipimo cha mahindi, na lilipokatwa na kunyooshwa likawa bati la ukuta au la paa. Kampuni za mafuta zilikuwa tayari zimechangia ujenzi wa miji ya Afrika Mashariki kabla hazijajenga kituo hata kimoja.

Pampu nayo ilitokea mbali. Mwaka 1885 Sylvanus Bowser wa Fort Wayne, jimbo la Indiana nchini Marekani, aliuza chombo cha kupimia na kusukuma mafuta ya taa dukani. Chombo hicho kiliboreshwa hadi kikafaa petroli. Tarehe 1 Desemba 1913 kampuni ya Gulf ilifungua mjini Pittsburgh kituo kilichosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya magari kuingia, kujaza na kutoka. Nchini Uingereza, chama cha wenye magari cha AA kilifungua kituo cha kwanza cha nchi hiyo huko Aldermaston mwaka 1919.

Pampu za mwanzo ziliendeshwa kwa mkono. Aina iliyopendwa sana katika miaka ya 1920 ilikuwa na silinda ya kioo juu yake. Mhudumu alisukuma mpini hadi mafuta yakapanda na kuijaza silinda kufikia alama ya galoni zilizotakiwa, kisha akafungua koki yakateremka yenyewe hadi kwenye tangi la gari. Mnunuzi aliyaona kwa macho yake, akajua hajapunjwa. Baadaye zikaja pampu za umeme zenye tarakimu zinazozunguka, na kioo hakikuhitajika tena.

Pampu ndiyo iliyobadilisha sura ya mtaa. Debe liliweza kuuzwa popote, lakini pampu ilihitaji tangi ardhini, na tangi lilihitaji kiwanja cha kudumu. Katika miji midogo ya bara pampu ya kwanza kwa kawaida iliwekwa mbele ya duka, hoteli au gereji, ukingoni mwa barabara, bila paa lolote. Kituo kamili kilifuata pale magari yalipoongezeka kiasi cha kuziba njia mbele ya duka hilo.

Miji miwili, wateja wa aina mbili

Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliostaafu mashamba ya Trans Nzoia, eneo la Kitale, kupitia mpango wa mwaka 1919. Tawi la reli kutoka upande wa Eldoret lilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukawa mahali pa kukusanyia mahindi na kahawa. Mashamba yalikuwa makubwa na yenye umbali kati yake. Kwa hiyo mafuta ya Kitale hayakuwa ya magari peke yake. Yalikuwa pia ya matrekta, malori na mashine za kupukuchulia mahindi. Mkulima aliyeingia mjini aliondoka na mapipa ya galoni 44 kwenye lori lake, na huenda aliacha trekta gereji likisubiri vipuri.

Kituo cha mji kama huo kilihitaji nafasi. Uwanja wake ulikuwa mpana ili lori lenye tela liweze kugeuka, na gereji ilikuwa na milango mirefu ya kupitisha mashine za shambani. Ofisi iliuza vilainishi, mipira ya magurudumu na betri. Hesabu ya mkulima ilifungwa baada ya mavuno, ndiyo maana dawati la karani na kabati la leja vilikuwa sehemu muhimu ya jengo kama pampu yenyewe.

Kitale pia ni mlango wa kaskazini. Barabara ya kwenda Kapenguria, Lodwar na hatimaye Sudan Kusini inaanzia hapo kupanda, na kwa dereva anayeelekea Lodwar, karibu kilomita 300 mbele, Kitale ndio mji mkubwa wa mwisho. Wakati wa kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, mawakili wa Jomo Kenyatta na wenzake walilala Kitale na kusafiri kwa gari kwenda na kurudi mahakamani, kwa sababu Kapenguria haikuwa na malazi. Kituo cha mafuta cha mji wa mwisho kina kazi zaidi ya kuuza petroli: hapo ndipo tairi za akiba hukaguliwa, vibuyu vya maji hujazwa, na habari za mito iliyofurika hupatikana.

Bungoma ulikua kwa njia nyingine. Ulikuwa ndani ya eneo la akiba la Waafrika, si la walowezi. Reli ya kutoka Nakuru kwenda Uganda ilipita hapo katika miaka ya 1920, na mji ukajipanga kando ya stesheni: maduka ya wafanyabiashara wa Kiasia, maghala ya pamba, mahindi na kahawa, kisha ofisi za serikali. Mwaka 1956 uliwekwa chini ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza, ambayo baadaye iligawanywa kuwa Bungoma na Busia. Wateja wa petroli walikuwa wenye malori ya mazao, magari ya serikali na ya misheni, na mabasi. Hapa pampu ya mbele ya duka ilidumu muda mrefu, maana muuza nguo, mwenye lori na muuza petroli mara nyingi alikuwa mtu mmoja au jamaa wa nyumba moja.

Baada ya uhuru, barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba ilizidi kuipa Bungoma kazi. Viwanda vya karatasi Webuye na sukari Nzoia vilileta malori ya mbao na miwa, na malori ya matangi ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo yakapita mfululizo. Lakini barabara hiyo haiingii katikati ya mji. Inapita Kanduyi, na biashara ya mafuta ikavutwa kuelekea huko. Ndiyo maana kituo cha zamani Bungoma hutafutwa karibu na stesheni na maduka ya kati, na kipya hutafutwa kandokando ya barabara kuu.

Badiliko jingine lililogusa miji yote miwili lilikuja mwaka 1973, Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafiri zilizokuwa zikitakiwa. Uwanja wa kituo uliojengwa kwa ajili ya lori la mkulima ukageuka steji. Leo waendeshaji wa bodaboda hujibanza chini ya paa hilohilo mvua ya alasiri inapoanza.

Jengo lenyewe

Vituo vya zamani vya nyanda za juu za Kenya vinaweza kugawanywa katika aina tatu.

Ya kwanza ni duka lenye pampu. Jengo ni la matofali au mawe, paa la mabati, na mbele yake kuna ukuta mfupi uliopandishwa juu ili kuyaficha mabati na kuandikwa jina la mwenye duka. Veranda ya duka ndiyo iliyomkinga mteja. Kinachobaki kikionyesha kwamba pampu ilikuwepo ni jukwaa dogo la saruji ukingoni mwa barabara, kifuniko cha chuma cha mdomo wa tangi, na bomba jembamba la kupumulia mvuke linalopanda kando ya ukuta hadi juu ya paa.

Ya pili ni kituo cha zege, kilichoenea tangu miaka ya 1930 hadi 1960. Kiwanja kilichopendwa kilikuwa cha kona, kwa sababu gari liliweza kuingia kutoka mtaa mmoja na kutokea mwingine. Jengo likawekwa kimshazari, likiikabili njia panda, na mara nyingi pembe yake ilipindwa kuwa mviringo. Paa la pampu lilikuwa bamba jembamba la zege lililoshikwa na nguzo moja au mbili, na ukingo wake uliachwa mwembamba makusudi ili lionekane linaelea. Mtindo huo ulitokana na mapenzi ya zama zile kwa meli, ndege na mwendo wa kasi.

Ustadi wa paa hilo unaonekana vizuri siku ya mvua, na Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Uso wa juu haukuwa bapa kabisa. Ulilazwa kidogo kuelekea kwenye nguzo, na bomba la maji likapitishwa ndani ya nguzo yenyewe hadi kwenye mfereji. Mteja hakuona gata wala bomba. Ubaya wake ni kwamba majani yakiziba mdomo wa bomba, maji hutuama juu, hupenya kwenye zege na kuishia kwenye nondo.

Ndani kulikuwa na vitu ambavyo mafundi wa sasa hawavitengenezi tena kwa wingi: madirisha ya fremu nyembamba za chuma yenye vioo vilivyoshikwa kwa pati, sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, na kaunta ya mbao ngumu. Gereji ilikuwa na shimo refu lenye ngazi za zege upande mmoja na kingo za chuma za kuzuia gurudumu lisitumbukie. Mbao nene zilifunika shimo lisipotumika.

Aina ya tatu ni kituo cha ramani ya kampuni, kilichoshamiri miaka ya 1960 na 1970. Kampuni kubwa ziligundua kwamba dereva humtambua muuzaji kwa umbo kabla hajasoma jina. Nchini Marekani, Walter Dorwin Teague aliisanifia Texaco mwaka 1937 kituo cheupe chenye mistari ya kijani kikarudiwa maelfu ya mara, na katika miaka ya 1960 Eliot Noyes aliipa Mobil mapaa ya mviringo. Nje ya Marekani nako kampuni ziliandaa ramani moja ya kurudiwa mji baada ya mji, mkandarasi akibadilisha vifaa tu. Paa likawa la fremu za chuma, pana na refu zaidi, na bango likapandishwa kwenye mlingoti mrefu ili lionekane kutoka mbali.

Kampuni huhama, zege hubaki

Ugumu mmoja wa kuisoma historia ya vituo hivi ni kwamba vimebadilisha majina mara nyingi. Total iliingia Kenya mwaka 1955 ikiitwa OZO. Kenol ilianzishwa mwaka 1959. Caltex na nyota yake, Mobil na farasi wake mwenye mabawa, Agip na mbwa wake mweusi wa miguu sita, Esso na BP zote zilikuwa na vituo nchini. Moja baada ya nyingine ziliondoka au kuuzwa. Vituo vya Mobil vilichukuliwa na kampuni ya Libya, vya Caltex vikaenda kwa Total mwaka 2009, chapa ya Shell ikawa chini ya Vivo Energy iliyoundwa mwaka 2011, na Kenol, iliyokuja kuitwa KenolKobil, ikanunuliwa na Rubis mwaka 2019.

Kila mauzo yalileta wachoraji wapya. Paa lilelile lilipakwa rangi nyekundu, kisha ya buluu, kisha ya kijani. Watu, hata hivyo, hawabadiliki upesi kama mabango. Abiria wa matatu bado hutumia jina la kampuni kama jina la mahali, kama njia panda ya Mau Summit inavyojulikana kwa wengi kuwa Total.

Kwa mhifadhi, hali hii ina pande mbili. Jina na rangi vya awali mara nyingi vimepotea, lakini mifupa ya jengo inaweza kuwa mizima chini ya tabaka za rangi na mabati ya urembo. Nguzo ya zege yenye kingo za mviringo, paa linaloteremka kuelekea katikati na jengo lililokaa kimshazari kwenye kona ni ushahidi wa kutosha wa umri, hata kama kila kitu kinachoonekana kwa nje kilipakwa juzi.

Yanayoviangusha

Sababu ya kwanza ni thamani ya kiwanja. Kituo cha zamani kina uwanja mpana na jengo la ghorofa moja, katikati ya mji ambao kodi ya maduka imepanda. Biashara yenyewe nayo imebadilika. Soko la mafuta lilifunguliwa mwaka 1994, na wauzaji wadogo wakajitokeza wengi. Tangu Desemba 2010 serikali huweka bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kila mwezi, jambo linalobana faida ya kila lita. Mwenye kituo hutafuta mapato mengine: duka, mgahawa, sehemu ya kuoshea magari, au ghorofa la kupangisha. Kubomoa huonekana njia rahisi.

Sababu ya pili ni barabara. Vituo vilijengwa ukingoni kabisa, na barabara inapopanuliwa pampu na paa ndivyo vya kwanza kuguswa. Bungoma imeshuhudia ujenzi wa barabara ya njia mbili kati ya Musikoma na Kanduyi, na Kitale imezungukwa na miradi ya barabara za kuelekea Suam na kaskazini. Barabara hizo zinahitajika. Lakini ramani ya upanuzi inapochorwa, ukuta wa kanisa huonekana kuwa jambo la kujadiliwa, na paa la petroli huonekana kuwa kizuizi tu.

Sababu ya tatu iko ardhini. Matangi ya zamani yalikuwa ya chuma chenye ukuta mmoja, na chuma kilichofukiwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu. Tangi linalovuja huchafua udongo na visima vya jirani. Petroli iliyouzwa Kenya hadi mwisho wa mwaka 2005 ilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo udongo wa kituo kilichofanya kazi kabla ya hapo unapaswa kupimwa pia kwa sumu hiyo. Ikiongezwa oili chafu iliyomwagwa nyuma ya gereji kwa miongo, inaeleweka kwa nini wengi huliona eneo kama hilo kuwa mzigo.

Yaliyofanyika kwingine

Mfano mashuhuri kuliko yote uko katika eneo letu la Afrika. Mjini Asmara, Eritrea, kuna Fiat Tagliero, kituo cha huduma za magari kilichosanifiwa na Giuseppe Pettazzi na kukamilika mwaka 1938. Kina umbo la ndege: ofisi katikati kama chumba cha rubani, na mabawa mawili ya zege, kila moja likitokeza mita 15 hivi bila nguzo chini yake. Inasimuliwa kwamba maofisa walilazimisha mabawa yategemezwe kwa nguzo za mbao, na Pettazzi akaamuru ziondolewe mbele ya macho yao. Mabawa yalibaki hewani, na yamestahimili vita na miongo mingi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji wa Asmara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na jengo hilo ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi mjini humo.

Ulaya na Amerika zimeonyesha njia mbalimbali. Huko Skovshoved, Denmark, kituo cheupe cha Arne Jacobsen cha miaka ya 1930 chenye paa la umbo la uyoga kimelindwa kisheria huku kikiendelea kuuza petroli. Montreal, Kanada, kituo cha Ludwig Mies van der Rohe cha mwaka 1969 kiliacha kuuza mafuta na mwaka 2011 kikafunguliwa tena kama ukumbi wa jamii. Nchini Uingereza, paa lililopindwa la Markham Moor na mapaa ya mviringo ya Red Hill yaliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 2012. Paa la Markham Moor lilikuwa limewahi kutishiwa na mipango ya barabara. Leo chini yake kuna mgahawa.

Mifano hiyo ya Ulaya na Amerika inafanana kwa jambo moja. Hakuna kituo kilichohifadhiwa kwa kufungiwa. Kila kimoja kilipewa kazi, iwe ileile ya zamani au mpya, na kazi hiyo ndiyo inayolipia rangi na matengenezo.

Sheria na wenye mamlaka

Kenya ina chombo cha kisheria cha kutosha. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inampa waziri anayehusika uwezo wa kulitangaza jengo kuwa turathi ya kihistoria inayolindwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Taifa. Jengo halihitaji kuwa la kale sana. Linatakiwa kuwa na umuhimu wa kihistoria, wa kiusanifu, wa kiteknolojia au wa kitamaduni. Mwenye mali hupewa nafasi ya kupinga. Likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha bila kibali ni kosa.

Katiba ya mwaka 2010 iliyapa magatuzi kazi za mipango ya miji, utamaduni na makavazi ya ngazi ya kaunti. Hiyo ina maana kwamba kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kuorodhesha majengo yao na kuyataja kwenye mipango ya matumizi ya ardhi hata kabla ya Nairobi kutia mkono. Orodha kama hiyo haimzuii mwenye kiwanja kufanya biashara. Inamlazimu mpangaji wa mji kuuliza kabla ya kuidhinisha ubomoaji.

Umiliki ndio swali linalotangulia. Vituo vingine ni mali ya kampuni ya mafuta na vinaendeshwa na mfanyabiashara aliyekodishwa. Vingine ni mali ya familia ya mjini iliyokubali kutumia nembo ya kampuni. Katika hali ya kwanza uamuzi wa kubadilisha paa hutoka makao makuu, na huenda meneja wa kituo asiwe na sauti. Katika hali ya pili familia inaweza kushawishika, hasa ikiwa ina picha za zamani, leja au ramani iliyopitishwa na baraza la mji.

Eneo hili tayari lina mazoea ya kuhifadhi. Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kati ya makavazi ya mikoa ya bara nchini, na yalitokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham aliyeanza kuonyesha vitu vyake mwaka 1926. Kapenguria, gereza la kawaida kabisa liligeuzwa makavazi mwaka 1993 kwa sababu ya waliofungwa humo. Na Nairobi ina makavazi ya reli tangu mwaka 1971. Ikiwa injini za treni zinastahili kutunzwa, ni vigumu kueleza kwa nini pampu iliyochukua abiria wake isistahili.

Kazi ya hifadhi, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuandika. Jengo hupimwa na kupigwa picha pande zote, na tabaka za rangi hukwaruzwa kwa uangalifu mahali padogo ili ijulikane ipi ni ya awali. Wazee waliofanya kazi ya pampu au ya gereji huhojiwa. Wao ndio wanaojua tangi liko wapi, lilichimbwa lini na lilibadilishwa mara ngapi, mambo ambayo mara nyingi hayamo kwenye ramani.

Hatua ya pili ni usalama. Tangi lisilotumika hutolewa mafuta yaliyobaki, husafishwa mvuke, kisha hung'olewa au hujazwa mchanga ama zege. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo. Udongo hupimwa, na kazi yote hufanywa chini ya masharti ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Vigae vya asbestosi vikiwepo, huondolewa na wataalamu wenye leseni bila kuvunjwavunjwa.

Hatua ya tatu ni zege. Kutu ikiingia kwenye nondo, chuma huvimba na kubandua zege kwa nje. Kosa la kawaida ni kufunika ufa kwa plasta na kupaka rangi. Kutu huendelea ndani, na baada ya misimu michache kipande kizima huanguka. Njia sahihi ni kuondoa zege bovu hadi nyuma ya nondo, kusugua chuma hadi king'ae, kukipaka dawa ya kuzuia kutu, kisha kujaza kwa mchanganyiko unaoshikamana na zege la zamani. Kabla ya yote, bomba la ndani ya nguzo huzibuliwa. Bila hivyo ukarabati wote ni kazi bure.

Madirisha ya chuma hayana haja ya kutupwa na kubadilishwa kwa alumini. Mchomeleaji wa mtaani anaweza kukata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya, kisha pati na vioo vikawekwa upya. Sakafu nyekundu husafishwa na kupigwa nta. Haifunikwi kwa vigae. Pampu ya zamani hutolewa mafuta, huoshwa na kusimamishwa mahali pake kama kielelezo, ikitenganishwa wazi na pampu zinazofanya kazi.

Mwisho ni matumizi. Kituo kilichobaki na biashara ya mafuta kinaweza kuweka matangi na pampu za kisasa huku paa na jengo la zamani vikitunzwa, na nembo ya kampuni ikawekwa kwenye mlingoti badala ya kufunika zege. Kilichofungwa kinaweza kuwa mkahawa, duka la pembejeo, ofisi ya chama cha wakulima au karakana ya kutengeneza pikipiki, kazi ambayo iko karibu sana na ile ya asili. Gereji yenye milango mirefu inafaa karibu kila biashara, na paa la pampu ni kivuli ambacho soko lolote la Kitale au Bungoma lingekihitaji.

Gharama hutofautiana kwa hali ya jengo, lakini mpangilio wa kazi haubadiliki: kuorodhesha kwanza, kuondoa hatari ardhini, kuzuia maji juu, kutengeneza chuma na zege, na ndipo rangi. Kaunti inayoanza na orodha itakuwa imefanya sehemu rahisi na ya bei nafuu kuliko zote, na pia ile isiyowezekana tena baada ya tingatinga kupita.